Ndoo ya Lita Ishirini

Mpini wa nyundo hii una bonde.
Dole gumba la mama yangu lililichimba
miaka kumi na tisa, hapa hapa machimboni Kunduchi,
akipasua jiwe liwe kokoto,
kokoto ziwe shilingi, shilingi iwe unga.
Alipofariki, gumba langu likaingia bondeni
bila kuulizwa.

Binti yangu anaitwa Sikujua.
Mama ndiye aliyempa jina, sababu akaondoka nayo.
Siku ya kuandikishwa shule wakauliza,
"Jina la mtoto?"
"Sikujua."
"Hukujua nini, mama?"
Darasa zima likacheka, naye akacheka,
meno madogo yenye vumbi la mawe.

Miaka miwili akashika mkia.
Sikushangaa. Nilisema ndivyo tulivyo,
mtoto wa nyundo ni nyundo.
Nikaanza kumtafutia ya kwake, nyepesi.

Kisha akaja Mwalimu Nasikiwa, mwanamke wa Upareni,
wala hakuanza na herufi.
Alianza na uji wa karanga, saa nne kamili.
Akaanza na kucha. Akaanza na minyoo.
Akaleta muuguzi na karatasi yenye meza zilizopinduliwa,
akamsimamisha Sikujua hatua sita, akamuuliza,
"Miguu ya meza hii inatazama wapi?"
Na mwanangu akajibu,
"Meza ipi?"

Meza ipi.
Usiku ule sikulala.
Miaka miwili alikuwa akinakili ukungu,
akichapwa kwa ajili ya ubao asiouona,
na mimi nyumbani nikisema ndivyo tulivyo.

Miwani ilikuja na fremu ya kijani, pana, ya uso wa mtu mwingine,
ikafungwa kisogoni kwa lastiki.
Alisimama mlangoni akanitazama muda mrefu.
"Mama," akasema, "kumbe una kovu hapa."

Jumamosi walifundishwa kupima:
chupa ya lita moja, maji, subira.
Jioni akashuka machimboni na chupa yake,
akaikuta ndoo ya Bwana Kihwelo wa lori,
ile iliyopashwa moto ikavutwa mdomo,
ndoo tunayoijaza tangu enzi za mama.
Akamimina, akihesabu kwa sauti.
Ishirini.
Wanawake wakaacha kugonga.
Ishirini na moja.
Ilipofika ishirini na tano ndipo maji yakatulowesha miguu.

Nikapiga hesabu bila kalamu:
kila tulipouza ndoo nne, ya tano tulimpa bure.
Mama yangu amekufa akidai.

Siku ile lori liliondoka tupu.
Tukalala na mihogo, chumvi ya kuomba,
na Mama Zamda akasema usoni pangu
elimu ya mwanao imetuponza.
Sikuwa na la kumjibu. Ana watoto watano.
Siku ya tatu lori likarudi,
likatukuta tumekalia ndoo yetu wenyewe, mpya,
ya kuchangishana, yenye namba ubavuni.

Sisemi umaskini umevunjika.
Jiwe halivunjiki kwa pigo la kwanza
wala la arobaini; mimi nalijua jiwe.
Ila kabla ya kupasuka hubadili sauti,
na aliyeligonga maisha yake yote
huisikia.

Jana Sikujua aliichukua nyundo yangu, akaigeuza,
akaisogeza karibu na miwani.
"Hili bonde la nini?"
"La bibi yako," nikamwambia.
Akaingiza gumba lake, likapwaya mle ndani.
Akalitoa,
akaniuliza kama nimemaliza na taa.